Binzari Haifiki Machoni

"Na ndani ya macho nako, mlimpaka?"

Hilo ni swali la nesi. Aliliuliza Ijumaa asubuhi kwenye zahanati ya chuo kimoja, ameshika kipande cha pamba, na mbele yake walikuwepo mabinti watatu. Mmoja amelala kitandani. Wawili wamesimama ukutani, wameshikana mikono kama watoto waliovunja kitu. Hakuna aliyejibu. Nesi akasubiri. Feni ya darini ikazunguka, ikazunguka.

Wapendwa, huu ni mfano. Nimeutunga mwenyewe. Kwa hiyo msianze kugeuziana shingo mkitafuta ni hosteli gani na chumba namba ngapi. Ila lishikeni hilo swali mpaka tutakaporudi kwake, kwa sababu nina hakika humu ndani ya ibada tuko wengi ambao tungesimama ukutani vilevile.

Kulikuwa na binti mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa pili. Mcheshi, mkarimu, wa kwanza kualikwa kwenye kila sherehe. Na alikuwa anakunywa. Najua picha iliyowajia sasa hivi: mlevi wa mtaroni, shati wazi, nzi usoni. Ifuteni. Huyu alikunywa kama wanafunzi wanavyokunywa. Jumatatu mpaka Jumatano hagusi, anasoma, ana adabu zake. Alhamisi kipindi cha mwisho kikiisha saa kumi, anaanza. Ijumaa anaendelea. Jumamosi asubuhi kichwa kinagonga, anameza vidonge vya maumivu, viwili, mara nyingine vinne, kisha anazimua kwa kile kichupa cha pombe kali kilichobaki. Jumapili analala. Na maji? Chupa yake ya maji ilikaa dirishani wiki nzima hadi ikaota ukijani kwa ndani.

Sasa, ngozi yake. Ilikuwa ile ngozi ambayo watu huisimamisha njiani: "Dada samahani, unapaka nini?" Hakuwa anapaka kitu. Lakini muhula wa kwanza ulipoisha, mashavu yakaanza kuiva na kuwaka moto kila anapokunywa. Halafu uso ukawa unaamka umevimba, hasa chini ya macho. Midomo ikapasuka. Chunusi zikatoka kidevuni na mgongoni, mahali ambapo hazikuwahi kutoka hata alipokuwa kidato cha pili. Akawauliza wenzake wa chumbani, "Jamani, huu uso wangu una nini?"

Mnajua walimjibu nini? Mnajua, maana ndivyo tunavyojibu.

"Maji ya hosteli hayo, shoga. Yana chumvi."

"Badilisha sabuni."

"Ni mitihani. Tukimaliza utatakata tu."

Kila kitu chumbani mle kilishtakiwa. Maji, sabuni, foronya, vumbi, chakula cha kantini. Mshtakiwa mmoja tu hakuitwa kizimbani, naye alikuwa uvunguni mwa kitanda chake, ndani ya mfuko mweusi.

Wenzake wa chumbani walikuwa wawili, na nataka mwajue vizuri. Wa kwanza walimwita Fundi. Huyu ndiye aliyekuwa akiwapamba wasichana wa hosteli nzima: kope, nyusi, wanja, poda. Ukikaa kwenye kiti chake unatoka mtu mwingine. Fundi naye alikuwa anakunywa, Alhamisi kwa Alhamisi, bega kwa bega na binti. Je, angewezaje kusema "acha pombe" huku glasi ya pili mezani ni yake?

Wa pili alikuwa mwanakwaya. Hanywi. Haonji. Ana Biblia yenye kava la zipu, anafunga kila Jumatano. Mnacheka? Chekeni. Tutakutana mbele.

Basi dada yake binti akachumbiwa, harusi ikapangwa iwe Jumamosi, kwao Tanga, na binti akachaguliwa kuwa mpambe, yule anayesimama pembeni ya bi harusi tangu kanisani hadi ukumbini. Picha zote za bi harusi ni picha zake pia. Na huko kwao bi harusi hawezi kutoka bila kusuguliwa singo. Ni siku saba za kusuguliwa mwili mzima kwa mchanganyiko wa unga na manukato mpaka ngozi inateleza. Mpambe naye husuguliwa, ili asimtie aibu mwenye siku yake.

Binti hakuweza kukaa Tanga wiki nzima kwa sababu ya vipindi. Fundi akasema, "Nani kasema singo lazima isuguliwe na shangazi? Niachie mimi."

Akatengeneza ya kwake. Unga wa dengu, maji ya waridi, mtindi kidogo, na binzari. Binzari nyingi sana, kwa sababu chunusi zilikuwa zimeacha madoa, na Fundi alisikia kwamba binzari hula madoa. Kuanzia Jumamosi, kila siku mchana, binti analazwa, anapakwa, anakaushwa, anasuguliwa. Shuka likawa na rangi ya biriani.

Jumapili mwanakwaya alirudi kutoka ibadani mchana. Binti alikuwa amelala, uso umeelekea mlangoni. Mwanga ulipoingia alifumbua macho akaomba maji. Mwanakwaya akampa, akamtazama. Kuna kitu kwenye macho. Ile sehemu nyeupe haikuwa nyeupe. Akafanya nini? Akaenda kitandani kwake, akapiga magoti, akamwombea. Kimoyomoyo. Hakumwambia binti neno lolote. Akajiambia, "Nikimwambia kitu ataona namhukumu kwa sababu asiyekunywa humu chumbani ni mimi peke yangu."

Jumatatu binti alikuwa amesimama mbele ya kioo cha kabati. Alikaa hapo muda mrefu mno kwa mtu aliyechelewa kipindi. Halafu akageuka.

"Fundi, hebu nitazame vizuri."

"Nakutazama kila siku, mama. Nimekuchoka."

"Siyo hivyo. Njoo hapa dirishani. Nitazame machoni."

Fundi alikuwa anakoroga bakuli. Akacheka bila kuinua kichwa. "Nikutazame machoni, mimi mchumba wako? Kaa chini tupake, imeanza kukauka."

Binti akakaa chini.

Jumanne rangi yake ilibadilika kabisa. Uso, shingo, mikono, kifua, vyote vikawa na njano iliyokolea, kama taa ya zamani ya barabarani. Na hosteli nzima ikaja mlangoni kushangilia! "Imekubali! Imekukolea, mwali! Utamfunika bi harusi!" Wakampiga picha, wakamtumia mama yake. Mama akajibu kwa sauti iliyorekodiwa, na chumba kizima kikasikiliza: "Jamani mwanangu, umenawiri! Mungu ambariki huyo mwenzako anayekutunza."

Naye huyo aliyenawiri alikuwa hajala tangu Jumapili. Kila kinachoingia kinatoka. "Afadhali," wakamwambia, "gauni litakaa." Alikuwa anajikuna mikono mpaka inatoka damu. "Ndiyo inafanya kazi hiyo," wakamwambia. Kwenye mkono wake kulikuwa na alama tano nyeusi-bluu, alama za vidole, mahali ambapo Fundi alimshika tu ili amgeuze. Alimshika tu. Hilo hakuna aliyelipatia maelezo, basi hakuna aliyelitaja.

Jumatano Fundi akaamua kujaribu kope za kubandika. Kope huwezi kubandika kwa mbali. Unasogea mpaka unasikia pumzi ya mtu.

"Angalia juu," akasema. Binti akaangalia juu. "Sasa angalia chini."

Na hapo Fundi akaona. Jicho lote, kutoka pembe hadi pembe, njano, kama ndani ya ganda la ndizi iliyoiva. Akashusha kibano.

"Vipi?" binti akauliza. "Mbona umenyamaza?"

Wapendwa, hapa ndipo mfano wangu wote umesimama. Kuna sekunde mbili hapa. Fundi alikuwa na sekunde mbili, na ndani yake akaona mambo mengi. Akaona harusi imevurugika. Akaona maswali: mlikuwa mnakunywa nini, mlikuwa mnakunywa na nani? Akajiona yeye mwenyewe mbele ya mama wa watu. Akasema:

"Hakuna kitu. Ni mwanga wa dirishani."

Halafu akaenda kwenye sanduku lake akatoa miwani ya jua, nyeusi, mikubwa, akamvisha. "Safiri nayo hii. Utapendeza."

Alipobaki peke yake, Fundi alijifungia bafuni, akavuta ngozi ya chini ya macho yake kwa kidole, akajitazama kwenye kioo. Upande wa kulia. Upande wa kushoto. Akarudia kulia. Mtu anayesema hakuna kitu, kwa nini anajikagua?

Alhamisi binti alikunywa. Ndiyo, alikunywa! "Kidogo tu, ya kuniletea usingizi, nisafiri nikiwa nimepumzika." Fundi akakaa naye. Hakuinua glasi yake siku hiyo, lakini ya mwenzake aliijaza.

Ijumaa asubuhi gauni lilikuwa limening'inizwa mlangoni, begi limefungwa. Mwanakwaya ndiye aliyeamka kwanza. Akamkuta binti amekaa kitandani anavaa kiatu. Kiatu cha kulia, mguu wa kushoto. Kinagoma. Anakitoa, anakitazama, anakivaa tena mguu uleule. Anatoa. Anavaa. Kwa utulivu kabisa, kama mtu mwenye siku nzima.

"Unafanya nini?" mwanakwaya akauliza.

Binti akainua uso, akatabasamu, akamwita kwa jina la dada yake. "Wamefika? Mwambie mama nakuja."

Wakambeba. Na hebu sikieni jambo hili, maana halitoki kichwani mwangu: kabla ya kumbeba, Fundi alirudi ndani kuchukua poda, akampiga poda usoni, na ile miwani akamvisha. Ili watu wasimwone vibaya njiani.

Nesi wa zahanati alikuwa mama wa makamo, mzito wa mwendo. Akavua miwani, akaiweka mezani. "Hii rangi ni nini?"

"Singo, nesi," Fundi akajibu haraka. "Ni binzari. Ana harusi kesho."

Nesi akalowesha pamba kwa spiriti, akafuta shavu. Pamba ikawa njano. Oo, mngemwona Fundi alivyopumua! Akamgeukia mwanakwaya karibu acheke. Mnaona? Ni binzari! Nesi akachukua pamba ya pili. Njano, lakini hafifu. Ya tatu. Ya nne ikatoka nyeupe. Nyeupe kabisa, kama ilivyoingia. Na shavu likabaki vilevile.

Nesi akaishika ile pamba nyeupe mbele ya macho yao, akaisogeza pembeni ya lile shavu. Halafu akainua kope la binti kwa kidole gumba.

"Na ndani ya macho nako, mlimpaka?"

Tumerudi. Mnaliona swali sasa? Feni inazunguka. Fundi anatazama sakafu. Mwanakwaya anatazama sakafu. Wote wawili walikuwa na jibu, mmoja tangu Jumatano, mmoja tangu Jumapili, na kila mmoja alidhani ni yeye tu.

Aliyeongea ni yule wa kitandani. Hakuna aliyetegemea. Aliongea kama mtu aliyeko chumba cha pili.

"Usiwagombeze, nesi. Mimi niliona Jumatatu."

Wakageuka wote.

"Niliona kwenye kioo. Nikaogopa. Nikamwambia Fundi anitazame machoni." Akapumzika kidogo. "Nikasema, huyu anaujua uso wangu kuliko mama yangu. Kukiwa na kitu ataniambia. Na yule mwingine hanywi, yeye angeniambia ukweli. Hawakusema. Basi nikajua hakuna kitu."

Akafumba macho.

Nesi hakusubiri zaidi. Akatoka kwa kasi ambayo hawakudhani anayo, akaita gari la wagonjwa, na wakamsikia kwenye simu akiwaambia wa hospitali: ini.

Jumamosi harusi ilifungwa. Pembeni ya bi harusi kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na mpiga picha alikuwa anawaambia watu wasogee wazibe.

Naona mnaniuliza kwa macho: alipona? Sitawajibu. Swali hilo lilikuwa na siku yake, na siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Ninyi mnaliuliza Jumamosi.

Sasa tuongee sisi kwa sisi.

Najua kuna kaka pale nyuma ameshaandaa hoja. "Dada, mbona tunakunywa wengi na hatugeuki njano?" Nakubaliana na wewe. Wengi hawageuki. Wengi wanaishia kwenye uso uliovimba, midomo iliyopasuka na chunusi zisizosikia dawa, na wanaishi. Lakini nikuulize: ngozi ilipokwambia mara ya kwanza, kwa upole, kwa shavu tu kuwaka moto, ulifanya nini? Ulinunua mafuta. Ikakwambia mara ya pili, ukanunua mafuta mengine. Ngozi haikuwa inaumwa. Ilikuwa inakuletea habari kutoka ndani, na wewe ukampiga poda aliyekuletea habari. Je, unajua leo iko kwenye habari ya ngapi?

Nina hasira, na sitaificha. Nina hasira na mabaa yanayozunguka chuo chetu, yenye siku maalumu ya mabinti. Nina hasira na sisi tunaomsifia mtu "umeng'aa" bila kumtazama. Lakini hasira yangu kubwa ni kwa mwanakwaya. Ndiyo, wewe usiyekunywa. Uliyecheka nilipotaja Biblia yenye zipu. Binti alikutegemea wewe! Mlevi mwenzake alikuwa na sababu ya kunyamaza, woga wake ulikuwa na miguu ya kusimamia. Wewe ulikuwa na nini? Uliogopa kuonekana unahukumu. Ukamwacha mtu aelekee kaburini ili wewe uonekane mpole. Ukamwambia Mungu, ambaye alikuwa ameshaona, na yule mwenye macho ukamnyima. Ombi lako lilijibiwa Jumapili ileile, mpendwa. Jibu lilikuwa wewe, na umesimama umeshika glasi ya maji.

Na wewe unayekunywa, ambaye tangu nianze umekuwa ukijitazama kucha, sikuiti mwenye dhambi mbele za watu. Nakwambia hivi tu: kuna asubuhi ulisimama mbele ya kioo muda mrefu kuliko kawaida. Uliona kitu. Ukasubiri mtu akwambie. Hakuna aliyekwambia, ukadhani hakuna kitu. Sisi ndio tulionyamaza. Kimya chetu hakikuwa cheti cha daktari.

Siwaombi sadaka ya ziada, wala siwaiti mbele. Nina ombi moja. Mkirudi vyumbani leo, kabla hamjala, kabla hamjapaka chochote, naweni uso. Mwite mwenzako dirishani, mtazame machoni, umwambie unachokiona.